Namna ya kutia dawa ya jicho kabla ya upasuaji ili ifike inakotakiwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya siku ya upasuaji wa mtoto wa jicho, benchi la nje ya kliniki yetu hapa Tanga huwa limeshajaa. Wazee wamekuja na wajukuu zao, wengine wametoka Muheza na Pangani tangu jana wakalala kwa ndugu mjini. Asubuhi moja nilimkuta babu mmoja kanzu yake imelowa kifuani. Nikadhani amemwagikiwa chai. Kumbe ni dawa ya macho. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha pili, alikuwa amesimama mbele yake na chupa mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana ananiogesha tangu juzi."

"Namtia matatu matatu, nesi," kijana akasema, "ili yapenye mpaka ndani."

Sikumlaumu. Alikuwa ameamka usiku kumtia babu yake dawa, hakuruka hata mara moja. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyemweleza kinachotokea tone likishaanguka jichoni. Tulimpa chupa na karatasi yenye "1x4", yaani tone moja mara nne kwa siku, tukamwita anayefuata. Mimi ni muuguzi wa macho kwa miaka kumi na sita sasa, na kila nikikumbuka kanzu ile naona deni. Haya ndiyo niliyomweleza kijana yule, pamoja na mengine ambayo wagonjwa wa mtoto wa jicho huniuliza kila wiki.

Kwanza nilimpa bomba la sindano la mililita 1, bila sindano yenyewe, na chupa ya matone tuliyokuwa tunaitupa. Nikamwambia adondoshe ndani ya bomba huku akihesabu. Lilijaa alipofika tone la ishirini hivi. Mililita moja ina mikrolita 1,000, maana yake tone moja ni kama mikrolita 50. Sasa kile kifuko kinachofunguka ukivuta kope ya chini hakibebi zaidi ya mikrolita 30 hivi, na humo humo tayari mna machozi ya mikrolita 7 hadi 10. Kwa hiyo hata tone moja tu linazidi nafasi. La pili likifuata papo hapo huishia shavuni, na la tatu kwenye kanzu.

Hiyo iliyobaki kifukoni nayo haikai. Kila ukipepesa kope, machozi huisukuma kuelekea pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, penye kitundu kidogo cha mfereji wa machozi. Mfereji huo hushuka puani, kisha kooni. Ndiyo maana mtu anatiwa dawa jichoni halafu analalamika uchungu mdomoni. Ukiusikia uchungu ule, ujue dawa yako imeshaondoka jichoni. Ndani ya dakika tano hivi sehemu kubwa inakuwa imekwenda.

Na iliyopata bahati ya kubaki inakutana na konea, kile kioo cha mbele kisicho na rangi. Unene wake ni kama nusu milimita, lakini ni mlango mgumu. Tabaka lake la nje lina asili ya mafuta, na chembe zake zimebanana kama vigae vilivyopangwa na fundi makini. Tabaka la kati, ambalo ndilo nene, limejaa maji. Dawa inayopenda maji peke yake hukwama mlangoni. Inayopenda mafuta peke yake huingia mlangoni ikakwama ukumbini. Inayovuka ni ile inayoelewana na vyote viwili, na hata hiyo kinachofika kwenye maji ya chumba cha mbele cha jicho, ile nafasi iliyo nyuma ya konea, kwa kawaida ni chini ya sehemu 5 kwa kila 100 ya tone ulilotia.

Hapa ndipo aina ya dawa inapoleta tofauti. Kati ya antibiotiki, yaani dawa za kupambana na bakteria, moksifloksasini ni miongoni mwa zinazopenya vizuri zaidi. Wagonjwa wa mtoto wa jicho waliotiwa kabla ya upasuaji, maji ya ndani ya jicho yakapimwa, mara nyingi wamekutwa na mikrogramu 1 hadi 2 kwa mililita. Siprofloksasini, ambayo ni ya ukoo mmoja nayo, kwa kawaida haifiki hata nusu mikrogramu. Jentamaisini inapenda maji, kwa hiyo kwenye konea nzima isiyo na kidonda inapenya kidogo mno. Kloramfenikoli, ambayo karibu kila duka la dawa inayo, inaelewana na mafuta na inapita vizuri, ila bakteria wengi inawazuia tu wasizaliane, haiwaui. Sikuandikii haya ili ukabadilishe dawa dukani. Nakuandikia kwa sababu wagonjwa hunijia na chupa ya jirani wakisema "zote si ni dawa za macho?" Si sawa. Nyingine mle dukani zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na hizo ukizitumia ovyo zinaweza kukupandishia presha ya macho au kuficha maambukizi mpaka yawe makubwa. Tumia ile uliyoandikiwa, na kama imekosekana dukani, piga simu kliniki kabla hujakubali nyingine.

Kuna jambo lingine ambalo hata sisi wauguzi tunalisahau. Maji ya chumba cha mbele hayatulii. Jicho hutengeneza mapya kila dakika, mikrolita 2 na kidogo, na chumba chote kina mikrolita 250 hivi. Piga hesabu: ndani ya saa mbili hivi maji yote yamebadilika, na dawa imeondoka nayo. Kiwango cha juu cha dawa mle ndani hufikiwa kati ya nusu saa na saa mbili baada ya tone. Kwa hiyo tone la jana jioni halimo tena ndani ya jicho asubuhi ya upasuaji. Mgonjwa anayeniambia "leo sikutia nesi, ila jana nilitia mara sita" amekosa lile la maana zaidi. Ukiandikiwa matone ya asubuhi ya upasuaji, hayo usiyakose hata kama umechelewa gari. Njoo na chupa mfukoni tukutie sisi.

Utauliza, basi matone ya jana na juzi yana kazi gani? Kazi yake iko nje. Bakteria wengi wanaoleta maambukizi baada ya upasuaji hawatoki thieta, yaani chumba cha upasuaji, wanatoka kwenye kope na utando wa jicho la mgonjwa mwenyewe. Wanaishi pale siku zote bila kumdhuru, mpaka kisu kiwafungulie njia. Matone ya siku moja hadi tatu yanawapunguza. Hayawamalizi.

Na ukweli huu nausema wazi kwa kila familia: tone peke yake si kinga ya kutosha. Kinga iliyothibitika zaidi hapo mlangoni ni povidoni iodini ya asilimia 5, yale maji ya kahawia tunayokutia jichoni ukiwa umeshalala kitandani, tukayaacha dakika tatu au zaidi. Utafiti uliofanywa New York ukachapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba yanapunguza maambukizi ya ndani ya jicho. Yanawasha licha ya ganzi ya matone tunayotanguliza. Naomba uvumilie, usituombe tuyaoshe haraka, maana dakika hizo tatu ndizo zinazofanya kazi. Kisha mwisho wa upasuaji madaktari wengi siku hizi wanaingiza antibiotiki moja kwa moja ndani ya chumba cha mbele. Utafiti mkubwa wa Ulaya, wenye wagonjwa zaidi ya 16,000, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba miligramu 1 ya sefuroksimu iliyoingizwa hivyo ilipunguza maambukizi kama mara tano, wakati matone ya kabla ya upasuaji hayakuonyesha faida ya wazi. Kule India, hospitali za Aravind zililinganisha macho zaidi ya laki sita, karibu nusu yake yakiwa yameingiziwa moksifloksasini hivyo hivyo, na maambukizi yakashuka kutoka kama jicho 7 hadi 2 kwa kila 10,000.

Kwa hiyo kama kliniki yako haikukupa matone ya kwenda nayo nyumbani, usidhani wamekunyima. Kliniki nyingi zinategemea iodini na dawa ya ndani. Lakini kama umepewa, basi tuyatie vizuri, maana tone lililotiwa vibaya halina faida hata hiyo ndogo.

Twende sasa kwenye kutia kwenyewe.

Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe kwa kitambaa safi au uiache ikauke kwa upepo. Khanga uliyojifunga tangu asubuhi si kitambaa safi. Kama kuna tongotongo, lowesha pamba kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, futa kutoka pembe ya ndani kwenda nje, pamba moja mfuto mmoja, kisha itupe. Dawa ikiangukia tongotongo inashughulika na uchafu ule badala ya jicho.

Angalia tarehe ya mwisho kwenye chupa, na uandike kwa kalamu siku uliyoifungua. Chupa nyingi zikishafunguliwa mwisho wake ni wiki nne. Kama dawa inatulia chini kama tui, itikise kwanza.

Mlaze mgonjwa, au aketi na kichwa akiegemeze nyuma. Mimi nawapenda walale, hasa wazee wanaotetemeka shingo. Mwambie aangalie juu, kwenye boriti ya paa. Kwa kidole cha mkono mmoja vuta kope ya chini taratibu mpaka kile kifuko kifunguke. Mkono wenye chupa uegemeze kwenye paji la uso wake ili usiyumbe. Mdomo wa chupa uwe juu ya kifuko kwa kiasi cha upana wa kidole, usiguse kope wala jicho wala ncha ya kidole chako; ukigusa umeipandikiza chupa nzima wadudu, na matone yote yatakayofuata yatakuwa nao. Minya kidogo. Tone moja. Lidondoke kifukoni, si katikati ya jicho, maana likianguka kwenye konea jicho litashtuka, litafumba kwa nguvu na kulitema.

Halafu afumbe jicho polepole, kama mtu aliyesinzia. Asikaze, asipepese. Weka ncha ya kidole kwenye pembe ya ndani, pale pua inapokutana na jicho, ubonyeze kidogo uelekee kwenye mfupa. Shikilia hapo dakika mbili hadi tatu. Hapo umeziba kile kitundu cha mfereji, dawa inakosa njia ya kukimbilia, inabaki juu ya konea ikipenya. Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na mimi nikiambiwa nichague moja tu ya kuwafundisha watu, nitachagua hii. Babu yule wa kanzu nilimbonyeza mwenyewe. Mjukuu akahesabu dakika kwenye simu. Tulipomaliza babu akaramba midomo, akasema, "Leo sijausikia ule uchungu." Shavu lake lilikuwa kavu.

Kwa wale wanaoishi peke yao na mikono inatetemeka kuna njia nyingine. Lala chali, fumba jicho, dondosha tone kwenye pembe ya ndani, kisha fumbua taratibu liingie lenyewe. Chupa ikikaa penye baridi kidogo, kama karibu na mtungi wa maji, utalihisi tone linapoanguka na hutatia la pili kwa kudhani la kwanza halikuingia. Usiiweke dirishani juani wala kwenye droo ya gari.

Kama umeandikiwa dawa mbili, ngoja dakika tano kati yake. Zamani sana wataalamu walijaribu hili kwa sungura: tone la pili likifuata baada ya sekunde 30, karibu nusu ya la kwanza ilisombwa. Likifuata baada ya dakika 2, ilisombwa kama moja ya sita. Baada ya dakika 5, hasara ilikuwa ndogo mno. Wapo wagonjwa wetu wanaotiwa la antibiotiki na la kutanua mboni asubuhi ile ile, na nawaona ndugu wanayatia mfululizo ili wawahi chai. Chai isubiri. Na kama mojawapo ni dawa ya mafuta ya kwenye tyubu, hiyo iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu mafuta yakishatanda, tone la majimaji halipiti. Asubuhi ya upasuaji usipake mafuta ya macho mpaka uambiwe.

Sasa yale ya kwetu pwani. Wanja. Mama zangu na dada zangu, najua bila wanja unaona kama uso hauko kamili, lakini chembe zake hujificha kwenye mizizi ya kope na hazitoki kwa siku moja. Uache siku kadhaa kabla ya upasuaji, uoshe kope kila jioni. Niliwahi kumsafisha bibi mmoja kitandani thieta, pamba ya kwanza nyeusi, ya pili nyeusi, ya saba bado kijivu, na daktari amesimama na glavu zake anasubiri. Ikabidi apangiwe siku nyingine. Alilia, na mimi niliumia, kwa sababu ilikuwa juu yetu kumwambia mapema.

Maziwa ya mama, maji ya majani, asali, mkojo: hakuna hata kimoja kinachoingia jichoni, si kabla wala baada. Kama umeshatia, tafadhali tuambie. Hatutakugombeza. Tunataka kujua ili tuangalie kama kuna kidonda kwenye konea.

Mwezi wa Ramadhani naulizwa kila siku kama matone yanafunguza. Baraza la Fikihi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilitaja matone ya macho miongoni mwa vitu visivyobatilisha saumu, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Muulize sheikh wako utulie moyo. Ila ona jinsi ile dakika ya kubonyeza pembe ya jicho inavyosaidia hapa pia: kinachofika kooni kinapungua sana.

Na wakati huo huo unapobonyeza, angalia. Kama usaha au ute unatoka kwenye kitundu cha pembe ya ndani, mfuko wa machozi umeambukizwa. Usiongeze matone ukitumaini yatakausha kabla ya siku ya upasuaji. Tuambie mara moja, upasuaji utasogezwa, kwa sababu usaha ule unaweza kuingia moja kwa moja ndani ya jicho lililofunguliwa. Ni hivyo hivyo kwa chokea iliyoiva au jicho jekundu lenye kuwasha. Kama dawa yenyewe inavimbisha kope, isimamishe na utupigie. Na kama iodini imewahi kukuletea shida, useme siku ile ya vipimo, usisubiri kitandani.

Usianze mapema kuliko ulivyoandikiwa. Kuna wanaoanza wiki mbili kabla, kwa nia njema. Bakteria dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki na nafasi yote ni yao, na hao ndio watakaokuwa mlangoni siku ya kisu.

Baada ya upasuaji utapewa chupa nyingine, na namna ya kutia ni ile ile, isipokuwa sasa unapovuta kope usibonyeze jicho lenyewe. Hapa kuna jambo ambalo nataka ulishike kwa mikono miwili. Siku ya kwanza jicho kukwaruza kidogo ni kawaida. Lakini kama kuanzia siku ya pili hadi ya saba, au hata wiki kadhaa baadaye, maumivu yanazidi badala ya kupungua, au ulikuwa umeanza kuona na sasa ukungu umerudi, au kope imevimba na jicho limekuwa jekundu lenye usaha, hayo yanaweza kuwa maambukizi ya ndani, endofthalmitisi. Yanakaa kwenye ute mzito wa nyuma ya lenzi, na huko matone hayafiki kwa kiasi cha maana hata ukitia kila dakika. Tiba yake ni sindano ya antibiotiki ndani ya jicho, na inahesabiwa kwa saa. Usisubiri Jumatatu, usitie matone mengi zaidi, usipitie dukani. Njoo usiku huo huo, na kama kliniki imefungwa nenda hospitali kubwa iliyo karibu useme maneno haya: "Nimefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni na linauma."